Muhuri wa wakili na shamba la misindano: kisa cha dada wawili wa Mufindi

Mimi ni mhasibu. Nawawekea hesabu wafanyabiashara wadogo wa mbao Mafinga na vijiji vya jirani, na kisa hiki nilikiona kwa karibu kwa sababu hesabu zake zilipita mikononi mwangu. Wahusika wameniruhusu kukiandika. Nimeondoa majina, jina la kijiji na mwaka, na fedha nimezisogeza kidogo bila kuharibu uwiano wake. Nimekiandika kwa ajili ya mtu yeyote anayejiuliza, kabla ya kununua au kuuza kitu kikubwa, wakili amhusishe kiasi gani na amlipe kwa kazi ipi.

Usuli

Dada mkubwa amekuwa kwenye mbao zaidi ya miaka kumi. Alikuwa ananunua mbao zilizokwisha kuchanwa, anajaza fuso, anapeleka Dodoma na Dar es Salaam. Mdogo wake alikuwa mwalimu, akaacha kazi wakaungana. Mwaka huo waliamua kuchana mbao zao wenyewe, kwa sababu faida kubwa ilikuwa inabaki kwa mwenye mashine. Walihitaji vitu viwili: mashine, na miti ya kuipa kazi.

Kwa msomaji asiyejua huku kwetu: ukiacha shamba kubwa la serikali la Sao Hill, miti mingi ni ya watu binafsi, ekari mbili hapa, ekari kumi pale, misindano (paini) na milingoti (mikaratusi). Mwenye shamba huuza miti ikiwa imesimama. Mnunuzi anakata, anachana palepale kwa dingdong, ile mashine ndogo ya kuhamishika, anatoa mbao, na ardhi inabaki kwa mwenyewe. Makubaliano huandikwa ofisi ya kijiji mbele ya mtendaji na mashahidi wa pande mbili. Utaratibu huu siudharau. Nimeona mikataba mingi ya ukurasa mmoja ikianza na kuisha kwa amani, kwa sababu watu wanajuana na majirani ndio kumbukumbu.

Ununuzi wa kwanza: mashine

Juni walinunua dingdong iliyotumika, pamoja na msumeno wa akiba, kwa milioni 18. Kwao hiyo ilikuwa fedha kubwa kuliko waliyowahi kutoa kwa mkupuo, wakaogopa, na hofu ikawapeleka kwa wakili. Wakili akaandaa mkataba wa kurasa 11. Ada yake ilikuwa laki saba.

Mimi niliwapongeza. Niliandika ile laki saba kwenye daftari nikasema hii ni fedha iliyotumika vizuri. Leo nasema ilitumika vizuri kwa sehemu ndogo tu. Mashine ilikuwa mbele yao. Waliiwasha asubuhi, wakachana magogo ya mwenyeji hadi saa saba mchana, wakapima unene wa mbao mwanzo wa gogo na mwisho wake, wakabaini mkanda mmoja umechakaa na bei ikashuka. Walilipa siku waliyoipakia. Mauzo ya namna hii hayana mambo mengi yanayobaki baada ya kuagana.

Ila kulikuwa na swali moja la wakili ambalo hao dada wasingeuliza kamwe: je, mashine hii imewekwa dhamana ya mkopo mahali? Muuzaji alisita, kisha akakiri kwamba ilikuwa, na mkopo umekwisha. Wakili akadai barua ya mkopeshaji. Ikachukua siku nne, barua ikaja. Swali hilo peke yake lilistahili fedha. Kurasa nyingine zilikuwa za kawaida, zile ambazo ofisi yoyote ya uwakili inazo tayari kwenye kompyuta.

Ununuzi wa pili: miti

Julai dalali aliwapeleka kwenye shamba la misindano la ekari 12. Walihesabu wenyewe, mstari kwa mstari, siku mbili, wakipiga chaki kila mti uliohesabiwa. Ikatoka miti 4,300 inayofaa kuchanwa. Bei ya mti shilingi 11,000. Wakashuka kidogo, wakakubaliana milioni 47 kwa shamba zima. Milioni 20 kati ya hizo zilikuwa mkopo wa SACCOS.

Jioni ileile dalali akasema kuna mtu wa Makambako anakuja kesho na fedha taslimu. Dada mkubwa akatuma kwa simu milioni mbili za kishika uchumba. Hapakuwa na karatasi yoyote.

Mkataba ulichapwa kwenye duka la steshenari kwa kufuata mkataba wa mtu mwingine. Ulisema nani anauza, nani ananunua, ekari ngapi, bei gani, na kwamba milioni 30 zitalipwa siku ya kusaini (kishika uchumba kikiwa ndani yake) na milioni 17 miti ikifika nusu. Haukusema miti ikatwe hadi lini. Haukusema magari yapite wapi.

Katikati ya Agosti walikutana ofisi ya kijiji. Mdogo mtu amenisimulia tukio hili mara nyingi, na kila mara anaanzia mahali pamoja. Muuzaji, mwanamume wa miaka arobaini hivi, alitoa mfuko wa nailoni, ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kukatika. Ilikuwa karatasi ya kijiji ya kugawiwa lile shamba, ya zamani, mhuri umepauka. Mtendaji akaisoma, akampa mjumbe, mjumbe akampa mdogo mtu. Yeye aliona jina la ukoo la muuzaji na jina lake la kati, akarudisha. Jina la kwanza la muuzaji halikuwepo kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa ya baba yake, na jina la baba ndilo jina la kati la mwanawe. Mzee alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Kijijini kila mtu alijua amefariki, na kila mtu aliona ni sawa mwana kuuza miti ya baba.

Kesho yake walikwenda mjini na mkataba ule ili "upitie kwa wakili". Hilo ndilo neno walilotumia. Wakili, mwingine na siyo yule wa mashine, alikagua vitambulisho, akaona waliosaini ndio waliosimama mbele yake, akagonga muhuri na kusaini. Shilingi 40,000. Ile karatasi ya shamba iliyotoka kwenye mfuko wa nailoni hakuonyeshwa, na wala hakuulizwa chochote.

Kazi inasimama

Walianza kukata mwanzoni mwa Septemba. Kufikia katikati ya Oktoba miti 1,600 ilikuwa chini, na mashine ilikuwa inachana vizuri. Ndipo mtendaji akapigiwa simu kutoka Mbeya. Alikuwa dada wa muuzaji kwa mama mwingine. Mzee aliacha wake wawili na watoto saba, mirathi haikufunguliwa, na huyu dada alisikia kwa jirani kwamba msitu wa baba unakwenda. Wiki hiyohiyo alifika mwenyewe na mama yake. Hakuja kwa fujo. Alisalimia wazee, akakaa, akasema, "Mimi sina neno na hawa wanunuzi, nao ni wanawake wenzangu. Ila kaka ameuza fungu letu sote." Mtendaji akasimamisha kazi.

Kuna magogo ya miti kama 380 yaliyokuwa yamekatwa na bado hayajachanwa. Msindano uliolala chini na gome lake haukai. Novemba mvua zilipoanza, dada mkubwa alinipeleka kuona. Alichukua shoka, akakata kipande kwenye ncha ya gogo, akanionyesha: moyo wa mti ulikuwa mweupe bado, lakini pembeni kuanzia ganda kuingia ndani rangi ya bluu-kijivu ilikuwa imechora miale kama wino uliodondokea pamba. Mbao hiyo haijavunjika nguvu, lakini mnunuzi wa Dodoma akiiona anakata bei bila kujadili.

Juu ya hayo, jirani wa bondeni naye akaja na lake. Trekta la kuvuta magogo lilikuwa limepita pembeni mwa vinyungu vyake, yaani bustani za bondeni, na kuacha makorongo mawili marefu. Mvua ya kwanza ikaingiza maji kwenye mahindi na maharage. Alikuwa amevumilia wakati kazi inaendelea. Kazi iliposimama, uvumilivu nao ukaisha.

Kwa nini waliamua walivyoamua

Nimewauliza wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kwa nini mashine ya milioni 18 ilipata kurasa 11 na miti ya milioni 47 ikapata muhuri.

Sababu ya kwanza ilikuwa ile laki saba yenyewe. Iliwauma. Dada mkubwa alisema, "Tulilipa, na mashine ikafanya kazi vizuri tu. Nikaona tulilipia hofu." Wakili alipofanya kazi yake vyema hapakutokea kitu, na kisichotokea hakionekani. Kwa hiyo walipokuwa na jambo la hatari zaidi tayari walikuwa wamejifunza somo la kinyume.

Ya pili, miti waliijua. Mashine ilikuwa kitu kigeni kwao. Misindano wameishi nayo. Mtu hutafuta msaada kwenye kile asichokijua na kujiamini kwenye kile anachokijua, na hapa walichokijua kilikuwa ubora wa miti. Uhalali wa muuzaji ni jambo jingine kabisa.

Ya tatu ni haraka ya dalali. Yule mtu wa Makambako hakuna aliyewahi kumwona.

Ya nne ndiyo naiona nzito, na watu wa mjini hawaielewi. Kwenda na wakili kijijini kunatafsiriwa kuwa dharau. Kabla ya kusaini, mdogo mtu alidokeza kwamba wangependa wakili aangalie karatasi za shamba. Muuzaji akajibu kwa upole wenye makali: "Dada zangu, mmekula ugali kwangu. Sasa mnaniletea wakili kama vile mimi ni mwizi?" Wakaona aibu. Ule muhuri wa mjini ulikuwa njia ya kati: wamemheshimu mwenyeji, na bado wamepata kitu chenye jina la wakili juu yake.

Suluhu na gharama yake

Walirudi kwa wakili wa kwanza katikati ya Novemba. Alisoma mkataba, akaomba kuona karatasi ya shamba, akauliza swali moja: "Msimamizi wa mirathi ni nani?" Kimya. Mali ya marehemu inaweza kuuzwa na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mmoja, hata akiwa mkubwa wa wote, hana mamlaka hayo kwa kuzaliwa tu, na mtu hawezi kutoa asichokuwa nacho.

Mdogo mtu alitaka kwenda mahakamani kumdai muuzaji. Sheria ingemruhusu: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa fidia aliyeumizwa na uvunjaji wa mkataba, na madai ya mkataba yana miaka sita kabla ya kufungwa na ukomo. Wakili aliwashauri wasishtaki, na hapo ndipo alipopata ada yake kwa halali. Fedha za muuzaji zilikwisha kutumika. Nyumba aliyokuwa anajenga ilikuwa imefika renta. Hukumu dhidi ya mtu asiye na fedha haichani mbao. Na familia nzima ilikuwa inataka kuuza, tatizo lilikuwa nani anapokea.

Walikaa Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza hilo kazi yake kwenye migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, halitoi hukumu, na kwa kesi hii hilo lilisaidia kwa sababu hakuna aliyekuja akitafuta ushindi. Ukoo ukafanya kikao na kuandika muhtasari, ukapendekeza wasimamizi wawili: muuzaji na yule dada wa Mbeya. Wakaenda Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo, wakajaza fomu namba 1 ya maombi, na mwishoni mwa Januari wakapata fomu namba 4, barua ya uteuzi. Wasimamizi wakaridhia mauzo kwa maandishi. Milioni 17 zilizobaki zikalipwa kwenye akaunti ya wasimamizi wote wawili, wanunuzi wakaongeza milioni tatu, na muda wa kuvuna ukaandikwa hadi mwisho wa Septemba. Jirani wa bondeni alilipwa laki sita, akaonyesha mwenyewe njia ya magari ipite juu ya mteremko, nayo ikachorwa kwenye mkataba mpya kwa kalamu.

Nilifunga hesabu hivi. Ada ya wakili milioni moja na nusu. Nyongeza kwa familia milioni tatu. Jirani laki sita. Bei iliyopotea kwenye mbao zenye bluu milioni 2.2. Riba ya SACCOS kwa miezi ambayo shamba halikuingiza kitu, laki tisa. Jumla milioni 8.2. Ingekuwa zaidi kama Desemba wasingeikodisha mashine kwa mchanaji mwingine. Huo ulikuwa uamuzi wa dada mkubwa peke yake, na ulilipa vibarua wawili wasiachwe njiani.

Uchambuzi: muhuri ulithibitisha nini

Hapa ndipo nataka msomaji akae kidogo. Neno "kupitia kwa wakili" kwa matumizi yetu ya kila siku limebeba kazi tatu tofauti kabisa, na bei zake ni tofauti.

Kazi ya kwanza ni kushuhudia. Wakili, kwa nafasi yake ya kamishna wa viapo, anathibitisha kwamba watu hawa ndio waliosaini mbele yake. Basi. Hasemi kwamba muuzaji ana haki ya kuuza, wala kwamba masharti yanakulinda. Wakili aliyegonga muhuri wa 40,000 hakukosea kitu. Alifanya kile alicholipwa. Kazi ya pili ni kusoma na kuhoji: unampelekea rasimu na karatasi zote, naye anakwambia kinachokosekana. Ya tatu ni kuandaa mkataba na kufuatilia hadi mwisho. Hao dada walinunua kazi ya tatu kwa mashine, ambako kazi ya pili ingetosha. Kwa miti walinunua ya kwanza, wakaamini wamenunua ya pili.

Muhuri huo pia watu huuchanganya na ushuru wa stempu, unaolipwa Mamlaka ya Mapato (TRA) chini ya Sura ya 189. Hati inayostahili ushuru huo na haijalipiwa, mahakama haiipokei kama ushahidi mpaka ilipiwe pamoja na adhabu. Mkataba wa miti ulikuwa na mihuri mitatu mizuri, wa kijiji, wa mjumbe na wa wakili, na haukuwa umelipiwa stempu. Vilevile sehemu ya "imeandaliwa na" ilikuwa tupu, ingawa Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inataka jina na anuani ya aliyeandaa hati vionekane. Ukiona mahali hapo ni tupu, jua hakuna mwanasheria aliyewajibika na maneno uliyosaini.

Kipimo cha kiasi gani

Wengi hupima kwa ukubwa wa fedha: ikizidi milioni kadhaa, wakili, ikipungua, kijiji. Kisa hiki kinanifanya nipime kwa jambo lingine: nikishalipa, ni mambo mangapi yanabaki kutegemea mtu mwingine, na kwa muda gani? Mashine ililipwa ikaondoka. Miti ililipwa ikabaki imesimama kwenye ardhi ya watu kwa mwaka mzima, ikisubiri ruhusa yao, njia yao, na amani ya familia yao.

Na miti iliyosimama ina utata wake wa kisheria ambao mtu wa kawaida hawezi kuuona. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inahesabu kitu kilichoshikana na ardhi kuwa bidhaa ikiwa mmekubaliana kitaondolewa. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kwa upande wake inahesabu vinavyoota kiasili juu ya ardhi kuwa sehemu ya ardhi. Mkataba usiosema wazi kwamba inauzwa miti tu, ardhi inabaki, na mwisho wa kukata ni tarehe fulani, unaacha mlango wazi. Siku mwenye shamba akitaka kupanda upya na wewe hujamaliza kukata, kila mmoja atakuwa na sheria ya kushika.

Wakati nao ni sehemu ya kipimo. Hata ada ileile, ikilipwa kabla ya kishika uchumba, ingenunua kitu kingine kabisa. Baada ya milioni mbili kwenda kwa simu, moyo ulikuwa umeshanunua. Kila karatasi iliyofuata ilisomwa na macho yanayotafuta ndiyo. Mdogo mtu alikuwa mwalimu, amesahihisha maelfu ya madaftari, na bado jina lisilolingana lilimpita mkononi.

Ambacho wakili asingekiona

Nisieleweke kwamba wakili angemaliza kila kitu. Kuhesabu miti hajui. Bei hajui. Vinyungu vya jirani asingeviona kutoka ofisini, na njia iliyomaliza ugomvi ilitoka kwenye kidole cha jirani mwenyewe akionyesha mteremko. Kwamba mzee alifariki na ana wake wawili, kijiji kizima kilijua, ilihitaji tu mtu wa kuuliza majirani wawili, mmoja kila mpaka: "Shamba hili ni la nani tangu mwanzo?" Wakili ndiye angejua kwamba jibu lina maana. Majirani ndio wenye jibu.

Shamba lililofuata

Mwaka uliofuata walipata shamba lingine, ekari saba, upande wa Kilolo. Safari hii dada mkubwa alianza kwa wakili kabla ya kumjibu dalali. Alikaa naye saa moja na nusu, akatoka na maswali sita kwenye karatasi na rasimu ya kurasa mbili. Pamoja na kurudi kumsomea majibu, alilipa laki mbili na nusu. Kwanza alihakikisha kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kwamba leseni ya wakili wake iko hai mwaka huo. Dakika tano, kwenye simu.

Wakili hakwenda kijijini. Dada mkubwa alikwenda mwenyewe, na suala la aibu alilitatua kwa namna ninayowafundisha wateja wangu sasa. Alimwambia mwenyeji, mzee wa miaka sabini: "Baba, fedha hizi siyo zangu, ni za SACCOS, na SACCOS wamenipa maswali haya. Nisipoyajibu hawanipi. Naomba unisaidie." Lilikuwa kweli pia, tangu kisa cha kwanza SACCOS yao inadai nakala ya karatasi ya shamba kabla ya kutoa mkopo wa miti. Mzee hakuona kosa. Alikwenda ndani akatoa karatasi yake, ikiwa na jina lake mwenyewe, la kwanza, la kati na la ukoo.

Swali la tano lilikuwa ridhaa ya mke kwa maandishi. Mzee akamwita. Bibi akaja akifuta mikono kwa kanga, akaketi kwenye kigoda, akaomba asomewe mkataba wote, pole pole. Ulipofika mwisho akauliza, "Na matawi je? Mkimaliza kukata mtayachoma mwezi wa kumi upepo ukivuma, na nyuma pale ni parachichi zangu." Rasimu haikuwa na neno juu ya moto. Wakili hakuwaza, dada mkubwa hakuwaza, na mimi niliyeisoma mara mbili sikuwaza. Wakaandika kwa mkono chini ya kipengele cha muda: matawi yalundikwe mita thelathini kutoka kwenye parachichi, na hakuna moto mpaka mvua ianze. Bibi akaweka dole gumba palepale pembeni ya mstari huo, kisha akaweka jingine chini, mahali pa sahihi.